Visawe vya Kiingereza: vipitishe kwenye Kiswahili kwanza

Wewe unayekariri visawe vya Kiingereza asubuhi ndani ya matatu ya Rongai, usikariri jozi tupu. Orodha nyingi huweka thrifty na stingy pamoja, na hapo ndipo watu huumia kwenye insha. Thrifty ni mwekevu, hiyo ni sifa. Stingy ni bahili, hilo ni tusi. Mimi kila neno huliandikia sentensi ya mtu ninayemjua: mama mboga wetu ni thrifty, sukuma iliyobaki jioni huikatakata na kuiuza kwa bei nafuu, mwenye nyumba ni stingy, balbu ya ngazi iliungua na hataki kuibadilisha. Ukishamwona mtu, neno halitoki.

Tazama pia neno lilikotoka. Wanomani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 wakaja na lugha yao ya Kifaransa, ndiyo maana ask ni Kiingereza cha kale na question ni la Kifaransa. Interrogate limetoka Kilatini. Rafiki unamwuliza (ask), shahidi unamhoji (question). Interrogate waachie polisi na mshukiwa wao.