Kabla Hujaenda Kutafuta Vikopo Juu ya Magenge ya Seven Sisters

Kutoka Seaford hadi Eastbourne, kusini mwa Uingereza, ni kama kilomita 22 za kupanda na kushuka juu ya magenge meupe ya chaki, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Wachezaji wa jiokeshi, yaani wale wanaotafuta vikopo vilivyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo kwenye simu, wanaipenda njia hii. Nami naipenda mno, ndiyo maana natamani kila aendaye ajiandae.

Kubwa kuliko yote: simu haijui genge linaishia wapi. Mshale wake unakuelekeza moja kwa moja, na hata siku njema unaweza kukosea mita kadhaa. Kwingineko si kitu. Beachy Head, ambako genge lina mita 162 kwenda juu, mita hizo ndizo uhai wako. Nyasi zinafika hadi mwisho kabisa, zimelala vizuri, usijue kwamba chini yake chaki imeshaliwa na limebaki tabaka linaloning'inia. Mwaka 1999 jengo zima la mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout lilisogezwa mita 17 kuelekea bara, maana ukingo ulikuwa umelifuata mlangoni. Basi mshale ukikuvuta upande wa bahari, simama mbali na ukingo, usome upya maelezo na dokezo la aliyeficha. Kikopo hakifukiwi ardhini, kanuni hazikubali, kwa hiyo tazama nguzo za uzio, mawe na vichaka. Usipokiona, andika kwamba hukukipata, uende zako.

Maelezo hayo na ramani vipakue ukiwa nyumbani, usitegemee mtandao njiani. Angalia pia alama ya ugumu wa eneo, 1 hadi 5. Penye 5 panahitaji vifaa maalumu, na mwenye viatu tu apaache.

Ukishawishika kushuka ufukweni, soma kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa la siku hiyohiyo, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Kati ya Cuckmere Haven na Birling Gap hakuna pa kupandia. Maji yakikukuta katikati, nyuma yako ni ukuta. Na mto Cuckmere usiuvuke kwa miguu pale mdomoni. Zunguka kwa daraja la Exceat, na muda huo uuhesabu tangu asubuhi.

Chukua koti la upepo hata Julai, maji ya kunywa, betri ya akiba, na viatu vyenye meno, maana chaki iliyolowa hugeuka uji mweupe chini ya soli.

Halafu penseli. Utafungua kikopo cha zamani cha filamu ya kamera, ndani mna karatasi ya kuandika jina lako, imeviringishwa, ina unyevu, na kalamu ya wino itaikwaruza na kuichana. Penseli huandika. Vile vidogo kama ncha ya kidole vinahitaji na kibano cha kuvutia karatasi.

Mwambie mtu unapita wapi na utarudi saa ngapi. Mwenzako akiteleza, piga 999 uombe walinzi wa pwani, wala usimfuate ukingoni. Ukichoka kabla ya nusu ya njia, basi namba 12 linapita Exceat.