Likizo ya Ufukweni Kigoma: Ya Kupanga Kabla Hujakata Tiketi

Ndugu zetu wa ughaibuni wakisema "safari hii tunawapeleka watoto ufukweni", karibu wote wanamaanisha Unguja. Sina ugomvi na Unguja. Lakini kama mmoja wenu ni mtu wa Kigoma, Kasulu au Kibondo, na kusalimia nyumbani ni lazima, sioni sababu ya kumaliza hela Nungwi halafu kwa bibi mkafika siku mbili za mwisho, watoto hoi na mifuko mitupu. Ufukwe uko huko huko mwisho wa reli, Ziwa Tanganyika. Kuna mchanga, kuna mawimbi, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, na maji hayana chumvi, kwa hiyo mtoto hatoki akilia macho yanamuwasha. Ila Kigoma haipangwi kama Zanzibar. Inataka muda, na inataka uangalie kalenda zaidi ya moja.

Anza na tarehe. Mvua za Kigoma huanza Novemba hivi na kumalizika kuelekea Mei, kwa hiyo likizo ya Krismasi mtaifanya chini ya mawingu. Inawezekana, na mvua ikishakatika milima ya ng'ambo huonekana vizuri kuliko kipindi kingine chochote, maana Julai na Agosti moshi wa mapori yanayochomwa huifunika. Lakini kwa watoto wanaotaka kuogelea kutwa, kiangazi ndicho chenyewe.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolitumia ziwa hilo, ili samaki wapate kuzaliana. Linganisha tarehe hizo na likizo ndefu ya shule za Ulaya na Marekani. Mtu anasafiri toka Birmingham na hamu ya mgebuka mbichi miaka yote hiyo, anafika Julai, anakuta mwalo umelala na samaki wa kwenye friji bei imepaa. Kabla hujalipa tiketi, piga simu nyumbani uulize ziwa linafungwa lini mwaka huo. Kama shule ya watoto inaruhusu, wiki mbili za mwisho za Agosti ndizo ningezichagua mimi: mvua bado, na wavuvi wamerudi kazini.

Kalenda nyingine ni ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa sababu dagaa hawazifuati taa zao. Ukitaka watoto waone ziwa limejaa taa mpaka wadhani kuna mji katikati ya maji, panga mfike karibu na mwezi mwandamo. Hili halina gharama yoyote, na hakuna wakala wa safari atakayekukumbusha.

Kufika

Ndege ya kutoka nje itakushusha Dar es Salaam, halafu unaunganisha ya ndani hadi Kigoma. Laleni Dar usiku mmoja. Ukinunua tiketi mbili tofauti ukaziunganisha siku moja, ya kwanza ikichelewa hasara ni yako, na safari za Kigoma si nyingi kiasi cha kusema utapanda inayofuata baada ya saa mbili.

Treni? Kila mtoto wa Kigoma ana ndoto ya kuwapandisha wanawe treni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na safari nzima toka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata treni isipochelewa unalala njiani, na huchelewa. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 inaishia Dodoma, kwa hiyo usichanganye habari hizo mbili. Ushauri wangu: nendeni kwa ndege, na kama hamu haijaisha, wakati wa kurudi chukueni kipande cha Kigoma hadi Tabora tu, daraja la kulala, mkipanda ndege Tabora. Mtapata vituo vyenye asali, karanga na kuku wa kuchemsha dirishani, bila ile siku ya pili ambayo mtoto wa miaka mitano huigeuza kuwa adhabu ya behewa zima.

Karatasi nitazipitia haraka. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mwenye pasi ya Uingereza au Marekani anaombewa viza hata kama amezaliwa Ujiji. Wakenya na Waganda hawahitaji. Mkipitia Nairobi au Addis Ababa mkakaa uwanjani zaidi ya saa 12, mtaulizwa cheti cha homa ya manjano. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, iacheni huko huko.

Maji yenyewe

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, takribani mita 1,470, na kina hicho hakisubiri ufike katikati. Sehemu nyingi ufuo unashuka ghafla, hatua chache maji yako magotini, hatua mbili nyingine huna pa kukanyaga. Mtoto aliyejifunzia bwawa la kuogelea la shule huko Minnesota haelewi hilo. Weka sheria kabla hajavua viatu, na mtu mzima mmoja asimame ndani ya maji, si aliyekaa mchangani na simu.

Kwa familia, ufukwe wa Jakobsen, kusini mwa mji njia ya Katonga, ndio tulivu zaidi. Unalipa kiingilio, unapata mchanga safi kati ya miamba. Nunueni miwani ya kuzamia huko huko mliko, ya kumtosha kila mtoto. Kwenye miamba kuna samaki wadogo wa rangi za kila aina, wenye milia na wa njano, ambao wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Wazungu huwafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni, wenu watawaona bure. Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza vipande vya fukwe, kwa hiyo picha ya zamani ya mtandaoni isikuhakikishie mchanga uko pale pale.

Kichocho kipo. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi na midomo ya mito. Palipo na miamba na mawimbi hatari hupungua, ingawa haiishi. Jikausheni kwa taulo mara mkitoka. Mamba na viboko nao wana sehemu zao, na wanaozijua ni wavuvi. Kabla ya kuoga mahali pageni muulize mzee aliye karibu, "Shikamoo mzee, hapa watoto wanaoga?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, tafuteni pengine.

Malaria usiifanyie mzaha. Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini. Watoto waliozaliwa nje hawana kinga yoyote, na wewe uliyekulia Mwanga ya hapo Kigoma mjini ukaondoka miaka kumi iliyopita, kinga yako imeshachuja. Dawa za kuzuia huanzwa kabla ya safari, kwa daktari wa huko mliko. Shangazi atasema mbona sisi tunaishi tu. Mwitikie, halafu mpe mtoto kidonge chake.

Gombe, na mambo ya umri

Hifadhi ya Gombe iko kaskazini mwa mji, hakuna barabara, ni boti toka Kibirizi. Ni hapo marehemu Jane Goodall alipofikia Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1968 pakawa hifadhi ya taifa. Boti ya abiria ni rahisi lakini inasimama kila kijiji, na mchana upepo ukiamka inayumba vya kutosha. Na watoto, kodini boti asubuhi mapema, kila mmoja avae boya kabla ya kuondoka, hata nahodha akicheka.

Msiwaahidi watoto sokwe kabla ya kuuliza hifadhini umri unaoruhusiwa. Wadogo hawapelekwi kwa sokwe, na mwenye mafua, hata mkubwa, anabaki, kwa sababu mafua yetu yanawaua. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki na vya wageni vimepishana sana, na kinachoangaliwa ni pasi, si lafudhi. Kama mkubwa ataenda na wadogo hawaruhusiwi, hao wapelekeni Ujiji siku hiyo: makumbusho ya Livingstone, ambako Stanley alimkuta mwaka 1871, yana miembe na kivuli.

Ujiji ni mji wa Kiislamu na wa heshima zake. Vazi la kuogelea likiisha kazi ufukweni, kanga juu. Picha za akina mama wanaoanika dagaa, omba kwanza.

Halafu kuna suala ambalo halimo kwenye bajeti ya mtu yeyote: kundi. Mkisema mnaenda ufukweni, mtakuwa watu 17. Binamu watakuja, na ni vizuri, watoto watajifunza Kiswahili kwa siku moja kuliko kwa mwaka wa masomo ya Jumamosi. Panga siku moja ya wote, kodi daladala nzima, toa hela ya mgebuka, mafuta ya mawese na unga wa muhogo, akina mama wapike nyumbani. Siku nyingine ziwe zenu, na uliseme mapema kwa mdogo wako wa hapo, yeye atalifikisha kwa wengine vizuri kuliko wewe.

Dagaa wa kurudi nao usinunue uwanja wa ndege wala siku ya mwisho. Nenda Kibirizi asubuhi, chagua walioanikwa juu ya chanja, si mchangani. Shika konzi moja, wamwage kiganja cha pili: mng'ao wa fedha, mgongo mkavu unaovunjika kwa mlio, na kiganja kibaki kisafi. Ukiona chembe za mchanga, rudisha. Mkifika forodha ya huko mliko, watangazeni dagaa hao, maana nyama na maziwa Ulaya hazipiti ila samaki mkavu ana kanuni yake. Mawese yafungwe chupa ndani ya chupa, yakimwagika sanduku halitasafishika.

Mkisharudi, homa yoyote ndani ya miezi inayofuata iwe ni hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe neno malaria na neno Tanzania kabla hajauliza. Kipimo cha kichocho kiombeni baada ya miezi miwili au mitatu, hata kama hakuna anayeumwa.