Kabla ya Kufunga Rimoti ya Kuwashia Gari la Zamani

Dereva akiingia kwenye gari hufanya mengi bila kuyafikiria. Anatikisa gia kuhakikisha iko nyutro, anasubiri taa ya hita plagi (plagi zinazopasha injini kabla ya kuwaka) izime kama gari ni la dizeli, anapiga stata, anasikia moto umeshika, anaachia ufunguo. Ukishafunga rimoti ya kuwashia, mtu huyo hayupo tena kwenye kiti. Kila alichokuwa akikiangalia lazima sasa kiwe na waya wa kukiangalia, la sivyo hakiangaliwi na yeyote.

Ndiyo maana, kabla hata ya kuuliza bei ya kifaa, tuulizane kuhusu gia. Wengi wetu tukiegesha gari la manyuali kwenye mteremko tunaliacha kwenye gia ya kwanza, na ni tabia nzuri. Rimoti ikipiga stata hapo, gari linaruka mbele, na moto ukishika linaendelea kwenda lenyewe kuelekea geti, ukuta au mtoto aliyekaa kivulini. Vifaa vilivyotengenezwa kwa magari ya gia za mkono vina utaratibu wake: unaweka nyutro, unavuta handibreki, unachomoa ufunguo huku injini ikiendelea kunguruma, unashuka na kufunga mlango, ndipo kifaa kinazima injini chenyewe. Mlango ukifunguliwa baada ya hapo, kifaa kinakataa kuwasha mpaka utaratibu urudiwe.

Utaratibu huo unategemea swichi za milango na ya handibreki, na kwenye gari la miaka ya tisini swichi hizo mara nyingi zimeshaliwa na kutu. Fungua mlango mmoja mmoja, wa nyuma pia, uone kama taa ya ndani inawaka kila mara. Vuta handibreki kwenye mteremko uone kama inashika kweli. Fundi akikuambia, “Hayo yote hayana haja, wewe kumbuka tu kuweka nyutro,” mshukuru na utafute mwingine.

Kwa gari la otomatiki jaribio ni fupi. Kanyaga breki kwa nguvu, vuta handibreki, weka D, kisha zungusha ufunguo kupiga stata. Isiite. Rudia kwenye R. Ikiita, kuna mtu aliwahi kuunganisha moja kwa moja waya wa swichi ya nyutro, ile inayozuia stata gari likiwa kwenye gia, ilipoharibika, na hilo litengenezwe kwanza.

Gari la kabureta lenye choki ya kuvuta kwa mkono, mimi ningeliacha kama lilivyo. Rimoti haiwezi kuvuta choki wala kukanyaga mafuta. Dizeli inawezekana, lakini chagua kifaa kinachoweza kuchelewesha stata kwa sekunde kadhaa ili hita plagi zipate moto. Kwenye baridi ya Njombe mwezi wa saba utaujua umuhimu wake. Na uangalie volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani hupiga stata kwa volti 24 ingawa taa na redio zinatumia 12, na kifaa cha volti 12 ukikifunga upande usio wake kinaungua papo hapo.

Betri ipimwe gari likiwa limelala usiku kucha: yenye afya husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta inayochaji betri ilete kati ya 13.8 na 14.4. Wakati wa kupiga stata, betri isishuke chini ya 9.6 hivi. Gari ambalo ukiwa ndani linakusumbua mpaka ulibembeleze, rimoti haitalitibu.

Sasa ingia chini ya dashibodi na tochi. Hapa ndipo gari la zamani linapojieleza. Utakuta tepu nyeusi iliyoachia gundi, nyaya za redio zilizosokotwa kwa vidole tu, alamu ya mwenye gari wa kwanza iliyokatwa nusu, pengine fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tafuta pia swichi ya siri ya kukata moto na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kifaa cha kufuatilia gari, kwa sababu vyote viwili huwa vimekatiza waya uleule utakaoutaka. Safisha kwanza. Kuongeza waya mpya juu ya uchafu huo ni kumtafutia fundi wa kesho kazi ya kulaani.

Nyaya za swichi ya ufunguo zipimwe kwa mita ya kidijitali, si kwa testa ya taa, ambayo huvuta umeme wa kutosha kudhuru saketi nyepesi. Rangi usiziamini, gari limeshapita mikononi mwa watu wengi. Waya wa betri una volti 12 muda wote, ufunguo uwemo usiwemo. Waya wa redio na vikorokoro una umeme ufunguo ukiwa nafasi ya kwanza, ila unazima stata inapopigwa. Waya mkuu wa moto hauzimi wakati wa stata, na ndio unaoifanya injini iendelee. Waya wa stata una umeme wakati wa kupiga tu. Magari mengine yana waya wa pili wa moto, na ukiusahau, injini inawaka lakini feni au kiyoyozi hakifanyi kazi. Plagi za njano na nyaya zenye mfuko wa njano ni za eabegi. Usizichome kwa chochote.

Kifaa kitajuaje kwamba moto umeshika? Bora kisome mizunguko ya injini. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, na tundu lililoandikwa IG- hutoa ishara hiyo. Kukiacha kibahatishe kwa kupanda kwa volti, kwenye gari lenye altaneta dhaifu, ni kuisaga stata.

Kama ufunguo wako una chipu, utahitaji kifaa cha kuipita imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu hiyo. Njia rahisi ni kuficha ufunguo wa akiba ndani ya dashibodi, lakini umemwachia mwizi nusu ya kazi.

Maungio yalehemiwe na kufunikwa vizuri, nyaya nene za umeme mkubwa ziwe na fyuzi zake, waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi, ukazwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Waya wa breki na swichi ya boneti visirukwe hata kama kifaa kinawaka bila hivyo: cha kwanza huzima injini mtu akikanyaga breki bila ufunguo, cha pili huzuia stata isipigwe wakati mikono ya mtu iko kwenye mkanda wa feni. Gari linalolala kwenye banda lililofungwa lisiwashwe kwa rimoti kabisa, maana moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, nayo haina harufu wala rangi.

Mwisho, ulizia swichi ya kukizima kifaa chote, ifungwe mahali unapoweza kuifikia. Kila ukipeleka gari gereji au kuoshwa, kizime, na rimoti ibaki mfukoni mwako.