Roboti ya mapigano ya kilo moja na nusu: kuiunda nyumbani hapa Mwanza na kuiboresha pambano kwa pambano

Wakuu salama. Naona vijana wengi sa hivi wanataka kuunda roboti za kupigana, na karibu kila anayenifuata anaanza na silaha: diski ya kuzunguka inapatikana wapi, niweke meno mangapi, itatoa cheche au haitoi. Mi namwambia tuanze na matairi. Pambano la kawaida ni dakika 3, na kwenye sheria nyingi roboti ikishindwa kusogea inahesabiwa sekunde 10 imetoka, kwa hiyo yenye silaha kali ambayo imezima inafungwa hata na kipande cha bati kinachotembea. Hili lilinikuta pambano langu la kwanza kabisa. Diski ilikuwa inazunguka vizuri, tukagongana mara moja tu, waya wa betri ukachomoka kwenye soketi kwa sababu sikuufunga, ikaisha hapo. Miezi minne ya kazi, sekunde ishirini hazikufika. Niliumia sana, na haya ninayoandika yote yametokea hapo.

Kwanza uzito. Zile kubwa za BattleBots kule Marekani ni pauni 250, yaani kilo kama 113, hizo tuziache kwenye TV. Ya kuanzia nyumbani ni daraja la pauni 3 la Marekani, yaani kilo 1.36, au la Uingereza ambalo ni kilo 1.5, na mi nafuata hili la kilo 1.5. Kabla hujanunua hata nati tafuta mzani mdogo wa dijitali wa jikoni, halafu andika kwenye daftari kila kitu kitakula gramu ngapi. Yangu inakaa hivi: mota mbili za matairi gramu 200, matairi 80, betri 100, spidi kontrola (zinazopunguza na kuongeza kasi ya mota) zote 60, risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) 10, mota ya silaha 80, diski na shafti yake 350, bodi 450, bolti na waya 100. Jumla 1430, zinabaki 70 za kurekebisha. Usizile hizo 70, utazihitaji tu. Na watu wanasahau bolti, aisee bolti zina uzito, ukija kugundua siku ya kupima unaanza kutoboa bodi matundu ili ipungue na hapo umeshaidhoofisha.

Bodi natumia plastiki ya vile vibao vyeupe vya kukatia nyama, vile vinene vya bucha, unene milimita 10 mpaka 12. Ile plastiki ikipigwa inabonyea na kurudi, haivunjiki kama ile ya uwazi ya mabango ambayo ikipata pigo moja inapasuka kama kioo. Unaikata na msumeno wa chuma wa mkono, skrubu ndefu za mbao zinaingia zenyewe ukishatoboa kitundu kidogo, hauhitaji fundi. Usitoboe karibu na ukingo, acha angalau unene wa skrubu mara tatu. Ukimaliza kuiunga bila mota wala betri ndani, panda nayo kwenye jiwe lolote, mawe hapa kwetu si ya kutafuta, iachie kutoka kimo cha kichwa chako mara kumi. Kama kuna kona imeachia ni bora iachie leo.

Matairi ni ndala. Wote tumekua tukikata ndala kutengeneza magari ya makopo, basi ni yaleyale, ila safari hii unakata miduara ya milimita 50, unaunganisha miwili miwili kwa gundi ya viatu, katikati unaweka kisahani cha plywood au cha plastiki ile ya bodi kinachoshika shafti ya mota. Ndala ina faida mbili, inameza mtikisiko kabla haujafika kwenye gia, na hata ikiliwa na diski ya mwenzako kipande kizima bado inaviringika. Ndala mpya ngumu sana inateleza, iliyovaliwa kidogo ndo nzuri. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kila pambano, tofauti utaiona mwenyewe.

Kwenye mota hapo ndo wengi wanapotea. Mtu anapata drili ya betri mbovu kwa mafundi, anatoa mota na gia zake, anafurahi maana zina nguvu kweli. Lakini mota ya drili na gia zake inakaribia nusu kilo, mbili zimemaliza karibu theluthi mbili ya uzito wako wote. Hizo ziweke, zitakufaa siku ukipanda daraja la kilo 13.6. Kwa hii ndogo agiza mota zenye gia za milimita 25 kwa upana, volti 12, mizunguko 1000 kwa dakika. Kwa tairi la milimita 50 inakupa kama mita 2.6 kwa sekunde, inatosha kabisa, ukizidisha hapo unaanza kujigonga ukutani mwenyewe. Na usiifunge mota kwa zile skrubu mbili za mbele peke yake. Itengenezee kitanda kwenye plastiki, tumbo la mota lilale humo, juu uweke kifuniko na bolti mbili, kwa sababu tairi likipigwa nguvu zote zinakimbilia kwenye zile skrubu ndogo na zinang'oka na uso wa gia.

Waya sasa, na hapa naomba usome taratibu. Waya wa nyumba ule wa kishipa kimoja usiuweke, ukitikisika unakatika ndani ya plastiki na nje huoni kitu. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi. Unapochoma, pasha waya wenyewe kwa pasi mpaka risasi iyeyuke ikigusa waya, siyo uiyeyushie kwenye pasi halafu uidondoshee, ikipoa iwe inang'aa na imenywea ndani ya nyuzi. Halafu vuta. Vuta kwa nguvu kabisa kama unataka kuiharibu. Ikitoka shukuru. Kila soketi ukishaichomeka funga na uzi au kamba ya plastiki isijichomoe, waya wowote wenye nafasi ya kucheza ubane ukutani, na betri izungushie sponji pande zote.

Betri ni lipo (lithiamu polima) ya seli 3, volti 11.1, ikijaa inafika 12.6. Ya milliamp-saa (mAh) 1000 inatosha. Roboti ikila wastani wa ampea 12 kwa dakika 3 imetumia 600, inabaki akiba. Usiishushe chini ya volti 3 kwa seli, na ukiiweka muda mrefu iache kwenye 3.8 kila seli, sio imejaa. Chaji kwa chaja yake inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya karai la mchanga, mbali na godoro na pazia, na usitoke kwenda dukani. Umeme ukikatika na kurudi rudi, chomoa kabisa. Betri iliyovimba haina msamaha, hiyo haipigani tena.

Halafu kuna vitu vitatu bila hivyo sikuruhusu uiwashe mbele ya watu: kiungo cha kuchomoa kwa mkono kinachokata umeme wote, taa ndogo inayowaka ili kila mtu ajue kuna umeme ndani, na risiva ambayo ikipoteza mawimbi inazima kila kitu. Hili la tatu lijaribu hivi, ukiwa umetoa mkanda unaozungusha silaha, weka roboti juu ya tofali matairi yakiwa hewani, yazungushe, zima rimoti. Yakiendelea kuzunguka hata sekunde mbili, rudi kwenye mpangilio wa risiva, hapo hujamaliza.

Haya, silaha. Mi napenda diski ya kusimama inayozunguka kwenda juu, inamnyanyua mpinzani. Mota ni ile ya brashilesi (isiyo na brashi ndani) ya milimita 28, yenye kv 1100, yaani mizunguko 1100 kwa dakika kwa kila volti, kwa volti 11.1 inapiga kama mizunguko 12,000, ukiweka puli ya diski kubwa mara mbili ya ile ya mota diski inazunguka 6000. Sasa angalia hesabu, diski ya gramu 300 yenye upana wa milimita 120 kwa mizunguko hiyo inabeba nguvu kama jiwe la kilo 11 lililodondoka kutoka mita moja, na ncha yake inakimbia kama kilomita 135 kwa saa. Ukiongeza kasi mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, ndo maana mtu anashawishika kuongeza. Lakini kuna kitu kingine, jino linahitaji muda wa kuingia kwenye mwili wa mwenzako. Mizunguko 6000 kwa dakika ni 100 kwa sekunde, ukimwendea kwa mita 2 kwa sekunde, diski ya jino moja inamkuta ameingia milimita 20, ya meno mawili milimita 10. Ongeza kasi, ongeza meno, unabaki unamkwangua tu. Ndo sababu mi natumia jino moja na upande wa pili nautia uzito ili diski ilingane.

Mota na diski nimeviunganisha kwa mkanda wa cherehani, ule wa mviringo. Watu wananiuliza kwanini nisiweke gia. Baba yangu mdogo ni fundi wa injini za mitumbwi kule Kirumba, siku moja ananionyesha pangaboi iliyogonga mwamba, ile pini ndogo imekatika lakini gia nzima. Akaniambia, "Mwanangu, kuna kitu lazima kife ili kingine kipone, chagua wewe kife kipi." Mkanda ndo ile pini. Diski ikigonga ikasimama ghafla, mkanda unateleza, mota inapona. Beba mikanda minne ya akiba.

Chuma cha diski natoa kwenye springi za gari, zile bapa, wauza chuma chakavu wanazo na wahunzi wanafulia mapanga na mashoka, kwa hiyo si kitu kigeni. Ila springi ni ngumu, drili haiingii. Lazima ipashwe mpaka iwe nyekundu na iachwe ipoe polepole kwenye majivu usiku mzima, hapo unaikata na kutoboa. Ukishamaliza umbo unaipasha tena mpaka sumaku isishike kabisa, unaongeza kidogo, unaizamisha kwenye mafuta, maji hapana, itapasuka. Hapo imekuwa ngumu kama kioo na haifai bado. Isugue mpaka ing'ae, ipashe taratibu uangalie rangi inavyotembea juu yake, inakuja kama majani makavu, inageuka kahawia, zambarau, ikifika bluu itoe. Mi hili nilijifunza kwa hasara: fundi mmoja alinichomelea kitovu moja kwa moja kwenye diski ya springi, ilionekana safi sana, pambano la pili ikakatika pembeni tu ya mshono, kipande kikaingia ukutani mwa boksi la kupigania. Kile chuma kikichomelewa kinakuwa kama biskuti pembeni ya mshono. Funga kwa bolti, usichomelee.

Kujaribu silaha, usijaribu sebuleni, usijaribu uani watoto wanapita. Mi naweka roboti ndani ya tairi la fuso lililolala, juu plywood, juu yake tairi lingine, simu inarekodi, mimi niko nyuma ya jiwe. Jiwe la kweli, la kwetu Mabatini, siyo nyuma ya mlango.

Kuboresha kunaanza pale pambano linapoisha na bado una hasira. Kabla hujafungua chochote piga picha, halafu gusa mota, betri na kontrola kwa mkono uone ipi ya moto. Iliyo moto kiasi cha kushindwa kuishika ndiyo itakayokufa pambano lijalo. Andika kilichovunjika na kilichokivunja. Yangu ilikuwa inapinduliwa kila mara kwa sababu bati la mbele lilikuwa juu ya sakafu kwa milimita 3, mwenzangu anaingia chini bila shida. Nikalifunga kwa bawaba badala ya bolti, sasa linalala sakafuni lenyewe na kufuata mabonde ya sakafu, sikugusa kitu kingine chochote, na kupinduliwa kukapungua mno. Badilisha kitu kimoja kwa pambano moja, la sivyo hutajua nini kimekusaidia. Na hakikisha matairi yametokeza juu na chini ya bodi, ili ukipinduka uendelee kutembea, hilo nalihesabu kama boresho la kwanza kwa kila mtu.

Mazoezi ya kuendesha pia ni boresho, tena la bure. Toa mkanda wa silaha, weka ndoo mbili uwanjani, zunguka namba nane mpaka uweze kuifanya roboti ikiwa inakuja kwako, maana hapo kushoto kunakuwa kulia na wengi wanajigonga ukutani.

Siku yenyewe nenda na bisibisi, funguo, kipande cha plastiki ya bodi, ndala mguu mmoja, mikanda, betri tatu zilizojaa. Kati ya mapambano mara nyingi unapata dakika 20 hivi, basi anza na betri, halafu kila bolti kwa funguo, halafu matairi, silaha mwisho. Kizuizi cha diski, kile kinachoishika isizunguke, kinabaki kimechomekwa mpaka roboti imo ndani ya boksi. Washa rimoti kwanza, chomeka kiungo, angalia taa, chomoa kizuizi, toa mkono, funga mlango.