Miguu ya Farasi Ikivimba Baada ya Safari Ndefu

Farasi aliyebeba mtu kilomita 30 au 40 kutwa, kisha akafungwa kwenye kamba usiku kucha, mara nyingi hukutwa asubuhi na miguu iliyonenepa kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Katika safari za farasi za Mara na Laikipia hilo ni la kawaida, maana usiku hawaachwi wazurure: kuna simba. Chini ya goti mguu wa farasi hauna misuli, ni mfupa, kano na ngozi. Majimaji yanayoteremkia huko hupandishwa na mwendo, na kila kwato inapokanyaga husukuma damu juu. Akisimama saa kumi mfululizo, majimaji hubaki chini.

Kabla hujagusa bendeji, shika mguu. Uvimbe wa kusimama huwa pande zote mbili, hasa miguu ya nyuma. Hauna joto wala maumivu, na ukibonyeza kwa kidole gumba kwa sekunde kumi hubaki kishimo. Mtembeze dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa kawaida, bila mtu mgongoni. Ukianza kupungua, umepata jibu. Mguu mmoja tu uliovimba ni habari nyingine. Linganisha joto lake na mwenzake kwa mgongo wa mkono, kisha pitisha vidole kwenye kano za nyuma ya muundi, toka gotini hadi kifundoni. Akishtuka mahali fulani, au ukikuta kano imetuna kama upinde, kano imeumia na matembezi yatazidisha madhara. Tazama pia chini ya kwato kama kuna mwiba au jiwe, na utafute kidonda kidogo kwenye manyoya: mguu mzima ukiwa moto, umekakamaa na hataki kuukanyagia, vijidudu vimeingia chini ya ngozi. Huyo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mguu wenye joto upoze kwa maji baridi ya mpira dakika 20, urudie kila baada ya saa tatu au nne siku ya kwanza. Pasipo mpira, msimamishe kijitoni, mahali pasipo na mamba. Barafu izungushie kitambaa, isiguse ngozi. Ukimaliza, kausha vizuri kile kibonde cha juu ya kisigino. Kikikaa na unyevu ngozi hupasuka, na mipasuko hiyo nayo huleta uvimbe.

Bendeji ndiyo inayoharibiwa na wengi. Mguu uwe mkavu, safi na umeshapoa. Zungusha kwanza pamba iliyotandazwa kama shuka, yenye unene wa sentimita 2 hivi, bila mikunjo, toka chini ya goti hadi kufunika kifundo. Anzia bendeji katikati ya muundi, teremka, kisha upande tena, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Toka mbele pitia upande wa nje uende nyuma, mguu wa kushoto na wa kulia vilevile, ili kano zivutwe kwa ndani. Acha pamba ichomoze kidogo juu na chini. Mkazo uwe sawasawa, na kidole kiweze kupenya ukingoni. Mzunguko mmoja ukikaza kuliko mingine hukata damu na kuumiza kano zilizokuwa nzima. Funga miguu kwa jozi, fungua baada ya saa 12, na usipake chini yake dawa ya kuchua inayowasha: huunguza ngozi.

Kinga yake ni rahisi. Kilomita mbili za mwisho ziwe za kutembea tu. Mnywesheni kila mpatapo maji, na jioni changanya gramu 30 za chumvi, karibu vijiko viwili vya chakula, kwenye chakula chake. Mtembeze dakika kumi kabla ya kulala na alfajiri. Siku ya mapumziko punguza nafaka kwa nusu, nyasi zibaki. Futi ya fundi cherehani nayo husaidia: pima muundi kabla ya safari, uandike.

Dawa za maumivu kama fenilbutazoni zisitolewe kwa farasi aliyeishiwa maji, kwani huweza kuharibu figo na tumbo. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa na misuli imekaza, usimtembeze hata hatua moja; mpe maji, mwite daktari.

Tena pima joto. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi. Miguu ikivimba yote, pengine na chini ya tumbo, naye ana homa na ufizi umepauka, usiisingizie safari. Kupe na mbung'o huleta magonjwa ya damu yenye sura hiyo hiyo, kwa hiyo mweleze daktari mmepita pori gani na lini.