Namna ya kufundisha historia ya IAF kwenye klabu ya sayansi, hata kama shule haina projekta

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, Wiki ya Anga za Juu Duniani ni tarehe 4 mpaka 10 Oktoba kila mwaka, na huku kwetu hiyo ndo miezi ya korosho, mtoto akitoka shule anapitia shambani kuokota na wazazi, kwahiyo cha kwanza panga muda. Usiweke kipindi Jumamosi, hutampata mtu. Weka siku ya kawaida mara tu masomo yakiisha, saa moja na nusu inatosha kabisa.

Sasa uwaambie nini? Wengi wetu tukisikia anga za juu tunakimbilia roketi na mwezi. Mi nakushauri anza na IAF, lile shirikisho la kimataifa la vyama vya safari za anga za juu, makao yake yako Paris, kwasababu historia yake inaanzia kwenye kitu ambacho wanafunzi wako tayari wanacho, yani klabu. Wajerumani walianzisha chama chao cha safari za anga 1927, Wamarekani 1930, Waingereza 1933 kule Liverpool, na hao walikuwa watu wa kawaida tu wenye mapenzi na sayansi, wengine vijana kabisa, wanachapisha jarida lao, wanabishana kuhusu mwezi enzi ambazo watu wengi waliona hizo ni ndoto za mchana. Hilo liseme mapema kabla hata hujataja roketi. Na uwaeleweshe kabisa kwamba IAF sio NASA, lile shirika la anga la Marekani, yenyewe hairushi roketi, kazi yake ni kuwakutanisha wanaozirusha na wanaozichunguza.

Vifaa ni kamba ya mita 10, vibanio vya nguo, manila iliyokatwa vipande na maka peni. Funga kamba kutoka ukuta mmoja wa darasa mpaka mwingine, kila sentimita 10 ni mwaka mmoja, anzia 1927. Wapime wenyewe kwa rula, usiwapimie. Kila tukio waliandike kwenye kipande cha manila na wakibane kwenye mwaka wake. Umeme ukikatika mnaendelea na kipindi kama kawaida.

Ukifika 1950 na 1951 tulia hapo, kiukweli ndo moyo wa habari yote. Mwaka 1950 Mfaransa mmoja, Alexandre Ananoff, aliandaa kongamano la kwanza pale Paris, vyama vya nchi mbalimbali vikakutana, alafu Septemba 1951 wakakutana tena London na shirikisho likaanzishwa rasmi. Sasa waulize wanafunzi: London 1944 ilikuwa inapigwa na nini? Ilikuwa inapigwa na roketi za V-2 za Wajerumani, watu wamekufa, nyumba zimebomoka, na miaka saba tu baadaye, kwenye mji huohuo, Wajerumani na Waingereza wanakaa meza moja kuzungumza roketi za kwenda angani. Na rais wa kwanza waliyemchagua ni Eugen Sänger, mhandisi Mwaustria ambaye wakati wa vita alikuwa anaifanyia Ujerumani utafiti wa ndege ya kivita ya roketi. Usipite hapa haraka jamani, waache waulize maswali, hata yale ya kwanini walimkubali, maana ni swali la haki na watu wazima wanalijadili mpaka leo.

Wenyeji wao London walikuwa kile chama cha Waingereza, mwenyekiti wake akiwa mwandishi Arthur C. Clarke. Huyu mwaka 1945 aliandika makala akieleza kwamba setilaiti ikiwekwa juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, itazunguka sawasawa na dunia na itaonekana imesimama palepale. Watoe nje waangalie madishi ya ving'amuzi kwenye mapaa ya mtaani, muulizane kwanini dishi likishafungwa halihitaji kuhamishwa. Wataelewa wenyewe.

Baada ya hapo twende haraka kidogo. Agosti 1955 kongamano la IAF lilikuwa Copenhagen, Marekani ilikuwa imetangaza siku chache nyuma kwamba itarusha setilaiti, na Leonid Sedov, mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, akatangaza hukohuko kwamba na wao watarusha. Watu wengi hawakumchukulia kwa uzito. Tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik, setilaiti yao na ya kwanza duniani, ikapaa, kilo 83.6, inamaliza mzunguko kwa dakika kama 96, na kongamano la Barcelona lilikuwa linafunguliwa siku mbili tu baadaye, fikiria hali ya ule ukumbi! Sedov mwenyewe akaja kuwa rais wa IAF 1959. Mwaka 1960 wakaanzisha akademia ya wanasayansi, rais wake wa kwanza Theodore von Kármán, na taasisi ya sheria za anga. Tarehe 10 Oktoba 1967 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa anga za juu ukaanza kutumika, ndo maana ile wiki inaanza tarehe 4, siku ya Sputnik, na kuishia tarehe 10.

Tundika pia 12 Desemba 1970. Hii sio kazi ya IAF ila ni ya bahari yetu hii hii: Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, na siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, wakaiita Uhuru. Eleza kwanini walichagua pwani hii: karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, hata hapa Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki inabeba hiyo kasi bure. Kipande cha mwisho ni 2011, Cape Town, kongamano la kwanza la IAF Afrika. Miaka 60 imepita toka London, waoneshe huo urefu kwenye kamba.

Nusu saa iliyobaki gawa darasa makundi manne, kila kundi ni chama cha nchi moja mwaka 1951. Waandike kanuni tatu za shirikisho: nani anapiga kura, kama nchi inayotengeneza roketi za vita inaruhusiwa, na nani analipa gharama. Wewe usiwape jibu. Kila kundi lisome mbele, katibu aandike kwenye daftari la klabu, maana wiki inayofuata mtazitumia kuandika katiba ya klabu yenu.