Namna ya kupima kama nondo wameanza kutengana kwa harufu

Nondo jike hamfuati dume. Anatulia juu ya jani gizani, anainua mkia, anachomoza kijitezi cha manjano kwenye ncha, kisha anauachia upepo harufu yake. Sisi tunaokesha nao husema "anaita". Dume asiyeitambua harufu hafiki, na asipofika hakuna mayai. Kwa njia hiyo makundi mawili huachana hata shamba likiwa moja.

Mfano wangu ni bungua wa mahindi wa Ulaya, Ostrinia nubilalis, nondo ambaye kiwavi wake hutoboa mashina. Kuna aina mbili ambazo kwa macho hutazitofautisha. Kemikali ya harufu yao ina maumbo mawili, Z na E. Jike wa aina ya Z huchanganya takriban asilimia 97 ya umbo la Z na 3 ya umbo la E. Wa aina ya E hugeuza, 1 kwa 99. Viungo ni vilevile, mkono wa mpishi ndio tofauti.

Hatua ya 1: Tenga jinsia wakiwa pupa, yaani hatua kati ya kiwavi na nondo. Mlaze chali chini ya lenzi. Ufa wa jike uko pingili ya 8 ya tumbo, wa dume ya 9. Ukingoja watoke, hutajua nani bikira.

Hatua ya 2: Kesha nao kwa taa nyekundu hafifu, uandike saa jike anapoanza kuita. Wengi huiruka hatua hii. Kiwavijeshi vamizi ana aina ya mahindi inayopandana mapema usiku na ya mpunga inayochelewa. Saa tu zinawapunguzia kukutana.

Hatua ya 3: Kata tezi wakati anaita, loweka nusu saa kwenye heksani (kiyeyusho), pima kwa kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali moja moja. Soma uwiano kwanza, wingi baadaye.

Hatua ya 4: Waulize madume. Tundika mitego yenye chambo cha Z, cha E na cha mchanganyiko, uihamishe nafasi kila baada ya siku chache. Badilisha glavu kwa kila chambo! Msimu wangu wa kwanza nilitumia jozi moja. Madume wakajaa mitego yote, nami nikafurahia upuuzi kwa wiki mbili.

Hatua ya 5: Zalisha chotara. Hapa ndipo penye utamu. Jike chotara wa Z na E hutoa E kama asilimia 65, harufu isiyo ya mama wala ya baba. Mwaka 2010 ilibainika kwamba mchanganyiko wa jike unaamuliwa na jeni pgFAR, inayofanya kazi ndani ya tezi yake. Mwaka 2021 pua ya dume ikafuatiliwa hadi jeni bab, iliyo kwenye kromosomu ya jinsia. Yaani harufu inaweza kubadilika na pua ikabaki palepale. Basi jike wa kwanza mwenye harufu ngeni anampata nani? Miongoni mwa mabungua wa Ulaya wamo madume wachache wanaofuata hata harufu ya binamu wa Asia, Ostrinia furnacalis. Huenda hao wasiochagua sana ndio humpokea.

Hatua ya 6: Usikimbilie kutangaza spishi. Nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003 alipewa jina Bactrocera invasiva mwaka 2005. Feromoni, yaani harufu ya kuvutia wenza, ya madume ilipopimwa ikakutwa ni ileile ya Bactrocera dorsalis wa Asia, na walipochanganywa walipandana na kuzaa bila shida. Mwaka 2015 jina likaondolewa. Kwenye baadhi ya mitego niliyorithi, kibandiko bado kinasoma invasiva.